Kompyuta Ikikurudisha Mlangoni, Usikubali Ifutwe

Maelezo haya yalisomwa redioni katika kipindi cha wiki iliyopita. Tunayachapisha pamoja na amri zake, kwa kuwa wasikilizaji kadhaa waliomba wayaone kwa maandishi.

Mpenzi msikilizaji, leo naomba tuzungumzie ugonjwa mmoja wa kompyuta ambao nimeuona mara nyingi hapa Mwanza, na ambao uliwahi kunigharimu kitu nisichoweza kukipata tena.

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Unawasha kompyuta, inawaka vizuri. Inakuuliza jina na neno la siri. Unaandika, unabonyeza kitufe cha kuingilia, kioo kinapepesa, halafu unarudishwa palepale unaulizwa tena jina na neno la siri. Unaandika tena, safari hii polepole, herufi kwa herufi. Unarudishwa tena. Mara nyingine hurudishwi, bali unaachwa mbele ya kioo cheusi chenye mshale mmoja tu unaotembea ukiusogeza kipanya. Hakuna saa, hakuna vitufe, hakuna faili hata moja.

Hapo watu wengi hukata tamaa, huizima mashine, huifunga kwenye mfuko na kuipeleka kwa fundi. Na mafundi wengi wana jibu moja: "Hii ni kupiga windo tu." Maana yake ni kufuta kila kilichomo na kuanza upya. Ninachotaka kusema leo ni kwamba katika hali hiyo, mara nyingi vitu vyako vyote vimo ndani, vizima. Kilichoharibika ni kidogo sana, na huweza kuonekana kwa kuchungulia dakika kumi. Usikubali kompyuta ifutwe kabla mtu hajachungulia.

Nianze na kisa changu mwenyewe.

Mwaka 2016 ilitimia miaka 20 tangu meli ya MV Bukoba izame, Mei 21, 1996, ikiwa imekaribia kabisa kufika hapa Mwanza. Kwa ajili ya kumbukumbu ile nilizunguka wiki kadhaa nikirekodi sauti za watu: waliookoka, waliozika ndugu zao pale Igoma, na wengine waliosimama ufukoni siku ile wakisubiri wageni wasiofika. Miongoni mwao alikuwapo mama mmoja mzee ambaye, kwa desturi ya Kisukuma, nilimwita mayu. Alizungumza nami kwa saa mbili. Redioni tulitumia dakika nne. Zilizobaki nilizihifadhi nyumbani kwenye kompyuta yangu, nikijiambia kwamba ipo siku nitatengeneza kipindi kirefu.

Kompyuta ile ilikuwa ya mtumba, ya siku za Windows XP. Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows XP, Aprili 8, 2014, rafiki yangu mmoja aliniwekea Linux nyepesi, na mashine ile kuukuu ikawa inakimbia kuliko mwanzo. Basi mwaka 2018, asubuhi moja, ikaanza kunirudisha mlangoni. Neno la siri nilikuwa nalijua kama ninavyolijua jina la mwanangu. Nilijaribu mara ishirini. Nikaipeleka kwa fundi mjini.

Fundi yule alikuwa kijana mwenye heshima na mchapakazi. Akaniamkia, akaiwasha, akajaribu mara mbili, akasema, "Mzee, mfumo umekufa huu. Tupige windo, jioni unakuja kuichukua." Nikamwuliza, na mafaili yangu? Akaniuliza na yeye, "Si unayo kwenye flashi?" Nikanyamaza. Nilidhani maana yake ni kwamba ndani hamna kitu tena, na kwamba mwenye kosa ni mimi. Jioni nikalipa, nikaichukua ikiwa safi, nyepesi, na tupu. Mayu alikuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla.

Miaka ilipita kabla sijafahamu kilichotokea siku ile. Nitalieleza jambo hilo, lakini kwanza tuelewe mashine inafanya nini pale tunapoingia.

Kile unachokiona baada ya kuingia, yaani picha ya nyuma, mstari wenye saa na vitufe, na madirisha yanayofunguka na kufungwa, tukiite meza ya kazi. Zipo meza nzito na zipo nyepesi. Zile nzito zina mapambo mengi na hudai mashine yenye nguvu. Nyepesi zimetengenezwa kwa ajili ya wenye mashine za zamani au za bei nafuu. Mbili zinazojulikana sana ni Xfce, iliyoanzishwa na Olivier Fourdan mwaka 1996, na LXDE, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Hong Jen Yee wa Taiwan. Zote hukaa juu ya Linux, mfumo ambao kiini chake kiliandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland, na ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua bure na kuutumia.

Jambo hili linatuhusu watu wa mijini, tena kuliko zamani. Oktoba 14, 2025, Microsoft ilisitisha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi zilizoko kwenye maduka ya kuchapa barua, shuleni na majumbani haziwezi kubeba Windows 11. Wenye nazo wana njia tatu: kuendelea hivyo hivyo bila kinga, kununua nyingine, au kuweka Linux nyepesi. Wanaochagua njia hii ya tatu wataokoa fedha zao, lakini ipo siku baadhi yao watakutana na mlango huu ninaousema.

Sasa, chukulia umefika gesti usiku. Pale mapokezi yupo mhudumu mwenye daftari. Unamtajia jina lako na neno la siri. Anatazama daftari. Kama hukuandikwa, au umekosea neno, anakwambia wazi kwamba umekosea, na humo ndani hukanyagi. Kama uko sawa, anakupa ufunguo. Kazi yake imekwisha, anaketi.

Ukiingia chumbani, vitu havijapangwa bado. Katika meza nyepesi, kila kitu huletwa na mfanyakazi wake. Mmoja analeta kitanda, mwingine taa, mwingine neti. Kwenye kompyuta, programu moja huchora mipaka ya madirisha, nyingine huleta ule mstari wenye saa, nyingine huweka picha ya nyuma. Juu yao yupo msimamizi mmoja anayewaita wote kwa zamu. Uzuri wa mpango huu ni kwamba hauna uzito. Ubaya wake ni kwamba msimamizi yule akianguka mlangoni, chumba kizima hufungwa. Na mhudumu wa mapokezi, akiona chumba kimefungwa, hudhani wewe umeondoka mwenyewe, basi anafungua daftari na kuuliza: jina lako nani, na neno lako la siri ni lipi?

Hiyo ndiyo siri ya kurudishwa mlangoni. Tazama vizuri tofauti yake. Ukikosea neno la siri, mashine husema umekosea. Ukirudishwa bila kuambiwa umekosea, neno lako lilikuwa sahihi, ulipokelewa, na uliingia kweli kwa nukta chache. Tatizo limo chumbani. Na mizigo yako, yaani mafaili yako, haikai mikononi mwa msimamizi yule. Imo kabatini, na kabati halijaguswa.

Kwa hiyo kabla ya kufanya lolote, jiulize umeona nini. Ukiambiwa neno si sahihi, tazama kama kitufe cha herufi kubwa kimewashwa, au kama kibao cha herufi kimebadilishwa kikawa cha lugha nyingine. Ukirudishwa kimya, msimamizi ameanguka. Ukiachwa na mshale juu ya kioo kitupu, msimamizi yupo lakini wafanyakazi wake hawakuja. Kioo kikiwa cheusi kabisa, bila hata mshale, hasa baada ya mashine kupokea marekebisho mapya, shaka iende kwenye sehemu inayoendesha kioo chenyewe. Na kompyuta inayozimika kabisa katikati ya kazi ni mgonjwa wa aina nyingine. Huyo mpelekee fundi wa vyuma, atazame joto, vumbi, na wale wadudu wa ziwani wanaojaa kwenye feni msimu wao ukifika.

Sasa twende kwenye uchunguzi wenyewe, hatua kwa hatua. Naomba kalamu na karatasi.

Hatua ya kwanza ni rahisi mno kiasi kwamba watu huiruka. Kwenye ukurasa wa kuingilia, kwa kawaida kwenye kona au karibu na jina lako, kuna alama ndogo ya kuchagua meza ya kazi. Mtoto akicheza na kipanya huweza kuibadilisha bila kujua. Kama mashine yako ilikuwa ya LXDE, na sasa imechaguliwa ile inayoitwa Openbox peke yake, utaingia ukakuta kioo kitupu chenye mshale. Hakuna kilichoharibika. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya katikati ya kioo, na orodha itatokea. Toka kupitia orodha hiyo, chagua meza yako ya zamani, uingie. Kuna watu wamefutiwa kompyuta kwa ajili ya kosa hili tu.

Hatua ya pili, ikiwa ya kwanza haikusaidia, ni mlango wa nyuma. Kila kompyuta ya Linux inao. Ukiwa kwenye ukurasa wa kuingilia, shikilia vitufe vya Ctrl na Alt kwa pamoja, kisha bonyeza F3. Kwenye kompyuta ndogo za mkononi huenda ukahitaji kushikilia na kitufe cha Fn. Kioo kitakuwa cheusi chenye maandishi meupe, na utaulizwa jina lako. Andika, bonyeza kitufe cha kuingilia, kisha andika neno la siri. Usishtuke: neno la siri halitaonekana hata kwa nyota. Andika hivyo hivyo.

Ukikubaliwa hapa, umeshapata habari njema mbili. Neno lako la siri ni zima, na diski inasomeka. Andika ls, kisha kitufe cha kuingilia, na orodha ya makabrasha yako itatokea. Barua zako zimo, picha zako zimo. Mlango huu hufunguka wakati ule mwingine umefungwa kwa sababu hauhitaji kitanda wala taa. Hauhitaji hata kuandika kikaratasi.

Nimetaja kikaratasi, na hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kila unapoingia kwa mlango wa mbele, kompyuta huandika kikaratasi kidogo cha ruhusa ndani ya kabrasha lako la nyumbani. Jina lake ni .Xauthority, na nukta ile ya mwanzo humfanya asionekane kwenye orodha ya kawaida. Kikaratasi hicho ndicho kinachowaruhusu wafanyakazi kuchora juu ya kioo. Kisipoandikika, hakuna anayeruhusiwa kuchora, msimamizi anaanguka, na wewe unarudishwa mapokezi. Basi swali kubwa ni moja: kwa nini hakiandikiki?

Hatua ya tatu inajibu swali hilo mara nyingi. Andika hivi:

df -h

Itatokea orodha ya sehemu za diski, na safu moja yenye asilimia. Tazama mstari unaoishia na alama ya mkwaju peke yake, yaani /, na kama upo, ule unaoishia na /home. Ukiona asilimia 100, umempata mwizi wako. Diski imejaa. Hakuna nafasi hata ya kikaratasi kimoja.

Msikilizaji, hiki ndicho kilichonipata mimi mwaka 2018. Sisi watu wa redio huhifadhi sauti bila kuibana, ili isipoteze ubora, na saa moja ya sauti ya aina hiyo hula takriban megabaiti 600. Diski yangu ilikuwa ya gigabaiti 40. Piga hesabu mwenyewe: saa sitini na chache tu za mazungumzo, na mashine imejaa pomoni. Sauti za watu wa Igoma ndizo zilizokuwa zimejaza diski na kunizuia kuingia. Mashine haikuwa imekufa. Ilikuwa imeshiba. Na ili kuiponya shibe ile, tulizifuta sauti zenyewe.

Dawa yake ingekuwa hii. Kwa mashine za jamii ya Ubuntu na Debian, andika:

sudo apt clean

Utaulizwa tena neno lako la siri. Amri hii huondoa mabaki ya programu zilizopakuliwa zamani, na haigusi faili lako hata moja. Mara nyingi hutosha kuachia nafasi. Kama /home iko kwenye sehemu yake na ndiyo iliyojaa, amri hiyo haitasaidia. Hapo kinachofaa ni kumwaga pipa la takataka, ambalo watu hulisahau kwa miaka. Lipo kwenye kabrasha la .local/share/Trash, na mtu anayejua amri za kufuta akusaidie, kwa sababu kufuta kwa maandishi hakuna kurudi nyuma. Ukipata nafasi, rudi mlango wa mbele kwa Ctrl, Alt na F7, au F1 kwa mashine nyingine, uingie, kisha hamishia sauti na video kwenye diski ya nje.

Ikiwa diski haijajaa, hatua ya nne. Andika:

ls -l .Xauthority

Utaona mstari mmoja wenye majina mawili katikati. Yanapaswa kuwa jina lako. Ukiona limeandikwa root, maana yake kikaratasi kimechukuliwa na msimamizi mkuu wa mashine. Hutokea pale mtu, labda fundi mwenye haraka, alipofungua meza ya kazi au programu ya madirisha kwa mamlaka ya mkuu badala ya mamlaka yako. Sasa wewe mwenye nyumba huruhusiwi kuandika kwenye kikaratasi chako mwenyewe. Usikifute, kipe jina jingine tu:

mv .Xauthority .Xauthority.zamani

Ukiingia tena kwa mlango wa mbele, kingine kitaandikwa kwa jina lako.

Hatua ya tano ni kusoma malalamiko. Mashine huandika sababu za kuanguka kwake kwenye faili liitwalo .xsession-errors. Liangalie kwa kuandika:

tail -n 20 .xsession-errors

Utaona mistari ishirini ya mwisho, kwa Kiingereza. Ni kweli kwamba Kiswahili kimeingia kwenye kompyuta siku nyingi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Lakini malalamiko ya ndani ya mashine bado huandikwa Kiingereza, na wengi huogopa wakiyaona. Usiogope. Jifunze matatu tu. "No space left on device" maana yake hakuna nafasi kwenye diski. "Permission denied" maana yake huna ruhusa, basi rudi hatua ya nne. La tatu, "Read-only file system", ndilo la kutisha. Maana yake diski inasomeka lakini haiandikiki. Huweza kutokea umeme ukikatika wakati mashine inaandika, au diski yenyewe ikiwa inaelekea kufa. Ukiliona hilo, acha majaribio. Kazi ya kwanza hapo ni kunakili mafaili kwenda mahali pengine, na matengenezo yafuate baadaye.

Hatua ya sita ni kwa wale ambao diski yao ina nafasi na kikaratasi kiko sawa. Huenda mpangilio wa meza ndio ulioharibika, pengine umeme ulikatika ukiandikwa, likabaki faili tupu. Mipangilio hukaa kwenye kabrasha liitwalo .config. Lisogeze kando kwa amri hii:

mv .config .config.zamani

Ingia tena. Mashine itatengeneza mpangilio mpya kama wa siku ya kwanza. Picha ya nyuma itabadilika na baadhi ya programu zitasahau mapendeleo yako, lakini barua na picha hazimo humo. Na kama haikusaidia, unarudisha jina la zamani na hujapoteza kitu.

Bado unarudishwa? Fungua mlango wa nyuma, tengeneza mtumiaji mpya kwa kuandika sudo adduser mgeni, kisha jaribu kuingia kwa jina hilo. Mgeni akiingia vizuri, ubovu umo chumbani mwako. Mgeni naye akirudishwa, ubovu ni wa nyumba nzima, na hapo fundi anaanzia pazuri. Na kwa wale wa kioo cheusi kabisa baada ya marekebisho, wakati mashine inawaka shikilia kitufe cha Shift au bonyeza Esc, chagua mstari ulioandikwa "Advanced options", kisha uchague toleo lililotangulia. Mara nyingi toleo la jana huwasha kioo ambacho la leo limekizima.

Nimeyajuaje haya mimi, mtu wa stashahada ya uandishi wa habari? Nimefundishwa na binti mmoja. Mwaka 2023 nilikwenda Mwaloni, Kirumba, kuandaa habari za kikundi cha akina mama wauza dagaa wanaoweka na kukopa. Niliwakuta wameketi kimya kuzunguka kompyuta yao. Ilikuwa inawarudisha mlangoni, na ndani yake mlikuwa na hesabu za hisa na mikopo za miezi minane. Daftari la karatasi walikuwa wameliacha tangu walipopata mashine. Kesho yake ilikuwa siku ya kugawana. Mwenyekiti alikuwa ameshampigia fundi, na fundi ameshasema atakuja kupiga windo.

Binti wa mmoja wao, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa likizo, akatuamkia wote, akasema, "Mama, kabla hajaja, naomba nichungulie." Akapita mlango wa nyuma. Akaandika df -h. Asilimia 100. Wajukuu walikuwa wamejaza mashine filamu. Dakika kumi na tano baadaye hesabu zilikuwa kwenye kioo, na akina mama wakaanza kubishana nani anadaiwa nini, jambo ambalo siku ile lilitufurahisha wote. Nami nilisimama pale nikikumbuka mashine yangu ya mwaka 2018. Nilimwomba anieleze tena, taratibu, nikaandika kila amri kwenye kijitabu changu.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nawalaumu mafundi. Fundi analipwa kwa mashine, si kwa saa. Kufuta na kupanga upya ni kazi anayoijua na ina uhakika wa kumaliza. Kuchungulia kunaweza kuchukua dakika kumi au siku nzima, na wateja wengi hawako tayari kulipia siku nzima. Kosa langu lilikuwa kunyamaza. Kwa hiyo ukimpelekea fundi mashine, mwambie mambo matatu kabla hujaiacha mezani. Kwanza, mafaili yangu yana thamani kuliko mashine. Pili, nakili kabrasha langu la nyumbani kwenye diski ya nje kabla hujagusa kitu, nami nitakulipa kazi hiyo. Tatu, usifute bila kunipigia simu. Fundi anaweza kuwasha mashine yako kwa flashi yenye Linux, bila kuingia kwenye mfumo wako kabisa, na akanakili kila kitu. Isipokuwa kama diski ilifungwa kwa siri tangu mwanzo, hapo atahitaji neno la kuifungulia kutoka kwako.

Na kama ilishafutwa jana, bado usikate tamaa. Izime sasa hivi, usiiandikie kitu. Kufuta na kupanga upya hakusugui diski yote. Zipo programu za bure, mojawapo ikiitwa PhotoRec, ambazo huokota mabaki ya mafaili yaliyofutwa, na hufanikiwa zaidi kwenye diski za zamani zinazozunguka kuliko hizi mpya. Kila faili jipya unaloweka laweza kukalia pale palipokuwa na la zamani. Mimi sikulijua hilo. Niliitumia ile mashine miaka mitatu zaidi, nikijaza sauti nyingine juu ya sauti za Igoma.

Zile dakika nne za mayu zilizorushwa redioni mwaka 2016 ninazo bado. Nimeziweka mahali patatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje iliyoko kabatini, na kwa dada yangu Ukerewe. Wewe pia, msikilizaji, kabla ya Jumapili hii kwisha, nunua flashi, unakili kile ambacho ukikikosa utalia, na umpe mtu mwingine akutunzie.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.